Harufu ya Mguu wa Mama

Kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi, Kitinda alisukuma cherehani yake ukutani, akatandika magazeti sakafuni, akaweka beseni juu yake, na kwenye kigoda kilicho mkabala na beseni akauegemeza mguu wa mama yake. Maji yalikuwa yamechemshwa tangu alfajiri pamoja na kijiko cha chumvi, yakaachwa yapoe. Alinawa mikono hadi viwiko, akafungua bendeji taratibu, akiikunja mzunguko kwa mzunguko kama anavyokunja utepe wa kupimia nguo, kisha akailowesha shashi ya ndani ili isitoke na nyama. Hapo ndipo mama alipoanza kuhesabu mbao za dari. Zilikuwa ishirini na tatu. Akizimaliza kabla shashi haijatoka, alianza upya.

Kidonda kilikuwa juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani, na kilikuwa na umri wa miaka tisa. Kilianza kwa kugongwa na kona ya sanduku, mkwaruzo usiofikia ukubwa wa kifungo cha shati. Sista wa chumba cha vidonda pale zahanati, ambaye ndiye aliyemfundisha Kitinda kazi yote, alikuwa amekipima mara nyingi kwa rula yake laini ya plastiki hata akawa anakizungumzia kama mtu anavyozungumzia jirani.

"Mwezi huu amenenepa," alikuwa akisema. "Nane kwa tano. Tatizo si ngozi, mama. Mishipa ya mguu imechoka kupandisha damu. Mguu ukae juu, bendeji ianzie vidoleni kupanda, na mtu asikose siku."

Kitinda hakukosa siku. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mtoto wa mwisho katika wanne, na jina la Kitinda lilimganda tangu utotoni. Alishona sare za shule na kubadilisha zipu. Aliwahi kuwa na mchumba aliyesubiri miaka miwili kidonda kipone, kisha akaoa kwingine, akamletea Kitinda gauni la bibi harusi alipunguze kiuno. Alilipunguza, na lilimkaa vizuri bibi harusi.

Watoto wengine watatu waliishi mji huohuo. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na kila mtu alimwita Mwalimu, mkewe akiwa mmoja wao. Wa pili alikuwa msusi mwenye saluni ya viti sita, naye aliitwa Msusi. Wa tatu alikuwa fundi wa mabomba, na jina lake lilikuwa Bomba. Walikuwa watu wa kawaida, si wakorofi. Waliacha kuja mmoja mmoja kwa sababu ya harufu.

Ilikuwa harufu nzito yenye utamu kidogo, na ilikaa kwenye mapazia. Ilimpokea mgeni mlangoni kabla ya mwenye nyumba. Mara ya mwisho Msusi alipokuja, alikaa dakika kumi akiwa amejiziba pua kwa mtandio, akasema ana mafua.

"Pole, mwanangu," mama alimwambia. "Mafua ni mabaya. Nenda ukapumzike."

Bomba aliahidi kuja akimaliza kufunga mabomba ya ghorofa fulani. Ghorofa hilo sasa lilikuwa na wapangaji kwa mwaka wa nne. Mwalimu alipiga simu kila mwisho wa muhula kuuliza maendeleo. Na kila jioni, Kitinda alipokuwa akikusanya vipande vya vitambaa, mama aliuliza, "Leo hajaja mtu?"

"Hajaja mtu, mama."

"Watakuwa na kazi nyingi."

Harufu ilihama Ijumaa moja ya mwezi wa tano. Kitinda alifungua bendeji kama kawaida, akaona anapumua vizuri. Akainama. Akasikia harufu ya maji ya chumvi na ya bendeji iliyokaushwa juani, basi. Kidonda chenyewe kilikuwa vilevile, na utando wake wa njano, na majimaji yake yaliyolowesha shashi hadi upande wa pili. Alikwenda kunusa mapazia. Yalikuwa na harufu ya kitambaa.

Jumanne iliyofuata walikwenda zahanati. Sista aliinama juu ya mguu, akanusa, akavua glavu akainusa nayo, kisha akaandika kwenye jalada: Harufu, hakuna.

"Ni dawa imefanya kazi?" Kitinda aliuliza.

"Dawa gani? Ile ya unga iliisha tangu mwezi wa pili, na hatujaletewa nyingine." Sista alikuwa akipima. "Nane kwa tano, vilevile. Kidonda cha namna hii lazima kiwe na harufu. Sema haiko hapa."

"Iko wapi?"

"Sijui, mdogo wangu. Itakuwa kwa watu." Akamwita mgonjwa aliyefuata.

Ilikuwa kwa watu. Ijumaa ileile Mwalimu alikuwa ameamka na kumwuliza mkewe kama kuna panya aliyefia darini. Mkewe alipanda na tochi, hakukuta kitu. Siku tatu baadaye harufu ilikuwa imeingia mpaka ofisini kwake shuleni, na wazazi waliokuja kuonana naye walisimama karibu na dirisha. Akamwita mdogo wake aje akague mabomba ya maji machafu. Bomba alikuja na sururu, akachimba uani tangu asubuhi hadi mchana, akafungua mashimo yote.

"Mabomba yako ni mazima, kaka," alisema kutoka chini ya shimo.

"Sasa hii inatoka wapi?"

Bomba alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hata kwangu iko," alisema.

Walisimama pale, mmoja juu na mmoja chini, bila kutazamana. Wote wawili walikuwa wameitambua tangu siku ya kwanza. Mtu hasahau harufu ya kwao.

Kwa Msusi ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kazi yake ni ya kukaa na watu. Wateja walianza kukunja nyuso, kisha wakaanza kukumbuka wana safari. Mama mmoja aliondoka akiwa amesukwa nusu kichwa, akavuka barabara, akamalizia nusu nyingine kwa mpinzani wake, na kwa mtindo tofauti. Msusi alifua taulo zote, akapaka kuta rangi, akafukuza paka asiye na hatia. Mwisho, Jumapili moja, alinunua machungwa akaenda kwa mama yake.

Alifika mlangoni mtandio ukiwa tayari mkononi. Alivuka kizingiti, akaingia chumbani, na alipokaribia kitanda mtandio ukamshuka wenyewe. Aliketi pembeni ya kitanda akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Machozi yalimlengalenga. Mama alimshika mkono.

"Nilijua utakuja," alisema mama.

Msusi alijilaza sakafuni, kwenye mkeka, karibu na kitanda, akalala saa tatu mfululizo. Mama hakujigeuza muda wote huo asije akamwamsha, ingawa mguu ulikuwa ukiwaka moto. Alimwashiria Kitinda azime cherehani.

Alipoamka, Msusi alisema, "Hapa kuna hewa." Akapiga simu mbili kabla hajafika kituo cha basi.

Kesho yake Bomba alikuja na futi yake ya chuma. Alitembea kutoka kitandani akinusa, akarudi, akatembea upande mwingine, kisha akachora duara sakafuni kwa chaki. Ilikuwa mita tatu na nusu kila upande. "Ukiwa ndani ya hapa ni safi," alimweleza Kitinda. Alivuka mstari, uso ukamkunjamana. "Ukitoka tu, iko."

Kitinda alisimama ndani, akasimama nje. Kwake hapakuwa na tofauti.

Kwa majuma mawili nyumba haikukosa watu. Walikuja moja kwa moja kutoka kazini, na mito yao kwapani. Mwalimu alisahihisha mitihani akiwa ameketi miguuni pa kitanda. Bomba alileta redio. Msusi alimsuka mama nywele zote nyeupe kwa mistari midogomidogo, akamwonyesha kwenye kioo, na mama alijitazama akacheka kwa sauti ambayo Kitinda alikuwa hajaisikia tangu marehemu baba yao alipokuwa hai. Aliomba aogeshwe mapema ili wasimkute hajawa tayari. Aliuliza kila mmoja habari za kazi, za watoto, za mgongo, naye akajibiwa. Jioni hakuuliza kama amekuja mtu.

Mguu hawakuutazama. Siku za kufunga kidonda, Kitinda alipoleta beseni, waligeuza viti vyao kuelekea ukutani, wakiangalia tu wasivuke chaki. Kitinda aliwapikia wote, na sare za shule zikarundikana mpaka mama wa watoto wakaanza kubisha hodi.

"Unawaona ndugu zako," mama alimwambia siku moja, akiwa ameinuliwa mguu juu ya mito miwili. "Nilisema wana kazi nyingi tu."

"Wanakuja kupumua, mama."

"Hata wewe ulipokuwa mdogo ulikuja kwangu kunyonya," alisema mama. "Nilikuuliza unakujia nini?"

Kitinda aliendelea kuzungusha bendeji, kutoka vidoleni kupanda.

Mwisho wa mwezi Mwalimu aliitisha kikao. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, daftari magotini. "Ajenda ni moja," alisema. "Hewa." Alieleza kwamba mpango uliopo unawachosha. Mtu akitoka pale anarudi kulekule, hawezi kulala kwake, hawezi kula kwake, wateja wa dada wanaondoka. Jambo la busara ni mama akae kwa kila mmoja wiki moja, kwa zamu.

"Mama hawezi kuzungushwa," alisema Kitinda. "Sista amesema mguu ukae juu. Na kidonda kinafungwa mara mbili kwa wiki, tena kwa utaratibu."

"Tutakifunga," alisema Msusi. "Mikono tunayo."

"Hujawahi kukitazama, dada."

"Umekaa naye miaka tisa peke yako," Msusi alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Mama si wako peke yako. Sisi hatuna haki ya mama yetu?"

Bomba aliinamisha kichwa. Mwalimu aliandika kitu daftarini. Wote wakamgeukia mama, aliyekuwa amekaa katikati yao na nywele zake mpya.

"Waache wanichukue," mama alimwambia Kitinda. Macho yalimng'aa. "Wananigombania. Ni mama gani anagombaniwa na watoto wake siku hizi?"

Kitinda alipanga mfuko wa shashi, bendeji na chumvi. Kwenye karatasi ya kukatia nguo aliandika maelezo kwa herufi kubwa, akachora mguu na mshale unaotoka vidoleni kwenda gotini, akaibandika ndani ya mfuko. Mama aliondoka kwa gari la Bomba, amekaa mbele, nyuma yake mabomba yakigongana.

Nyumba ya Mwalimu ilipata nafuu saa ileile mama alipoingizwa sebuleni. Mkewe alifungua madirisha, akapika, wakala wakiwa wamemzunguka. Lakini wiki ile Msusi na Bomba walikuwa bila hewa, na siku ya tatu Msusi alikwenda kumchukua mama akidai wiki ni ndefu mno. Zamu ikawa siku tatu, kisha siku mbili. Mama alipakiwa na kushushwa kama mtungi wa gesi. Saluni aliwekwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mashine ya kukaushia nywele, kuanzia asubuhi mpaka wanafunga, mguu ukining'inia, kwa kuwa kigoda cha kuuwekea kiliziba njia. Wateja walirudi. Walimsalimia, wakamsifu msuko wake. Aliwaambia kila mmoja kwamba mwenye saluni ni binti yake.

Jumanne Kitinda alipanda mabasi mawili na beseni lake mpaka kwa Mwalimu, akaambiwa mama yuko saluni. Alipofika saluni, aliambiwa amechukuliwa na Bomba saa moja iliyopita. Kwa Bomba hakukuwa na mtu. Ijumaa ilikuwa hivyohivyo, ila kwa mpangilio mwingine. Alipiga simu. "Tumeshafunga," alijibiwa. "Usiwe na wasiwasi, kiko vizuri kabisa. Hata hakinuki." Alisikia sauti ya mama kwa nyuma ikisema mwambieni nimekula vizuri.

Siku kumi na mbili zilipita kabla hajaupata mguu. Aliukuta kwa Bomba, asubuhi, mama akiwa amelala sebuleni anatetemeka chini ya blanketi mbili. Bendeji ilikuwa na rangi ya chai. Ilikuwa imefungwa kutoka gotini kushuka, na mzunguko wa juu ulikuwa umekazwa hadi ukazama nyamani. Kitinda aliikata kwa mkasi wa nguo. Vidole vitano vilikuwa vyeusi.

"Nani amefunga hivi?"

Bomba alimtazama mkewe. Mkewe akampigia Msusi. Msusi akasema mama alikuja hivyo kutoka kwa Mwalimu. Mwalimu akasema kwake hakuna aliyegusa kitu, na akaomba wasilaumiane kwa simu. Mfuko wa Kitinda ulikuwa chini ya kiti, haujafunguliwa zaidi ya mara moja, na karatasi yenye mshale ilikuwa ndani, imekunjwa.

"Hakikunuka," alisema Bomba. Alikuwa amekaa sakafuni, mikono kichwani. "Kitinda, ningejuaje? Nililala hapa, hapa alipo. Hakikunuka hata kidogo."

Alikuwa akisema kweli. Ndani ya mita tatu na nusu hapakuwahi kuwa na hewa safi kama ile.

Hospitalini daktari alitumia dakika nne. Alibonyeza vidole, akabonyeza unyayo, akasema mguu utakatwa juu ya goti, leo. Mwalimu alitia sahihi kwa kuwa ndiye mkubwa. Walipokuwa wakimsukuma mama kwenye kitanda cha magurudumu, alimshika daktari mkono wa koti.

"Baba, niachie kidogo."

"Mama, tukikata chini ya goti hapatapona. Juu patapona vizuri."

"Si goti," alisema mama. "Kidonda. Niachie hata kidogo."

Daktari alidhani ni homa. Alimpapasa begani. Kitinda, aliyekuwa akitembea kando ya kitanda hadi pale ndugu wa wagonjwa wanaposimamishwa, alielewa, na akakaa kwenye benchi la korido akiwa ameshika kiatu kimoja cha mama yake. Hakujua akiweke wapi.

Saa tisa na robo alasiri harufu iliondoka. Iliondoka nyumba zote tatu kwa pamoja. Mke wa Mwalimu alikuwa akipiga pasi, akasimama, akaweka pasi chini. Msusi, aliyekuwa na mteja kitini, aliona mabega yake yameshuka. Alimpigia Bomba, Bomba alikuwa tayari anampigia Mwalimu. "Imeondoka." "Hata huku." "Tumshukuru Mungu." Wakashukuru kwa dhati. Jioni hiyo walikwenda wote wodini na matunda, wakamwambia mama ameponea chupuchupu, na Mwalimu akaongoza sala fupi nzuri. Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, kama mtu anayehakikisha hajasahau kitu.

"Mnasikia chochote?" aliwauliza.

"Hatusikii chochote, mama," alisema Msusi, akambusu. "Kuko safi."

Siku ya kuruhusiwa kutoka ilijadiliwa kwa simu na haikuchukua muda. Mwalimu alikuwa na mitihani ya mwisho wa muhula. Saluni ilikuwa na ngazi mbili mlangoni. Bomba alikuwa amepata kazi nje ya mji. "Na kusema kweli," alisema Mwalimu, "mambo ya vidonda Kitinda ndiye anayeyajua." Kitinda alimrudisha mama kwa teksi. Gari lilipowafikisha, alimbeba mgongoni, akashangaa alivyokuwa mwepesi.

Kigutu kilikuwa na mshono wa nyuzi kumi na nane, na kwenye pembe moja palikuwa pamefumuka, jeraha dogo la ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kitinda alilisafisha kila siku. Mama hakuhesabu tena mbao za dari. Alilala amegeukia mlango. Majirani walipopita nje na kusalimia, alinyanyua kichwa, akakirudisha.

"Leo hajaja mtu?"

"Hajaja mtu, mama."

Hakusema tena kwamba wana kazi nyingi.

Wiki ya tatu, Kitinda alipokuwa amekunjua shashi mpya, mama alimzuia mkono.

"Usikifunge leo."

"Kitaingia uchafu, mama."

"Kiache kikae wazi. Kesho pia." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chai ipunguzwe sukari. "Kikikaa vibaya siku chache, watasikia."

Kitinda alikaa na shashi mkononi. Nje watoto wa jirani walikuwa wakibishana kuhusu zamu ya baiskeli. Alifikiri kwa muda mrefu, na hakufikiri upande mmoja tu. Alimkumbuka mama akicheka mbele ya kioo. Miaka tisa alikuwa amekiosha, amekibana, amekiinua, na hakuwahi kumchekesha namna ile hata mara moja. Harufu iliyohama ilimchekesha kwa siku moja. Aliweka shashi chini, akachukua simu, akampigia dada yake.

"Huko hamsikii kitu?" aliuliza.

"Kitu gani? Aa, hiyo! Hapana, mdogo wangu, hewa safi kabisa, tunamshukuru Mungu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anawauliza."

"Msalimie sana. Mwambie nikipata nafasi." Kulikuwa na mlio wa mashine ya kukaushia nywele. "Nina mteja, ngoja nikupigie."

Kitinda alisubiri mpaka maji yakapoa kabisa. Kisha akaosha jeraha, akaweka shashi, akafunga. Mama aligeuza uso ukutani na hakusema naye hadi kesho yake mchana.

Lilipona kwa wiki saba. Zahanati, Sista alivua miwani, akaivaa, akapitisha kidole kwenye ngozi mpya, laini, ya waridi, akatafuta mahali pa kupima na hakupata. Alifungua jalada, ambalo sasa lilikuwa nene kama tofali, akaandika neno ambalo hakuwahi kuandika humo: Kimepona. Aliita wenzake wawili waje waone. Walipiga makofi kidogo, kwani chumba kile hakikuwa na desturi ya habari kama hizo.

"Hii ni mikono yako," alimwambia Kitinda. "Mngejua wangapi wanarudi hapa na kigutu kimeoza. Msije tena. Mama, umepona."

"Basi?" aliuliza mama.

"Basi, mama. Kabisa."

Nje, kwenye benchi la kusubiria, mama alimwambia Kitinda awaarifu wenzake. Kitinda aliandika ujumbe mmoja akautuma kwa wote watatu. Mwalimu alijibu, Hongereni. Msusi alituma picha ya mikono miwili iliyokutanishwa. Ujumbe wa Bomba ulikuja kesho yake, ukisema yuko porini, mtandao ni wa shida, lakini amefurahi mno.

Zilipita siku nne. Ya tano, Kitinda alikuwa akishona kola alipoona mama ametulia kuliko kawaida. Aliinua shuka. Mama alikuwa ameshika kigutu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa akiikwaruza ngozi mpya kwa kucha, polepole, mahali pamoja, kwa uangalifu wa mtu anayefumua mshono bila kuharibu kitambaa. Palikuwa pameshachubuka. Damu ilikuwa tone moja.

Hakuficha mkono. Alimtazama binti yake.

"Kidogo tu," alisema.

Kitinda alipapangusa, akapafunga. Akaleta mkasi mdogo wa nyuzi na bakuli la maji ya vuguvugu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamkata mama kucha zote kumi, karibu kabisa na nyama, akizilainisha ncha moja moja kwa kidole chake zisikwaruze. Mama alimpa mkono mmoja, kisha wa pili, bila kubisha, macho yake yakiwa mlangoni.